Akina Lushenyi wa Njia ya Ngomo

Isidore Lushenyi alijua milima ya Kivu kwa majina ya watu wake, hata ile ambayo muguu wake haukuikanyaga. Miaka saba alikuwa amesimama kule nyuma ya posta ya Bukavu, mbele ya visanduku vya mbao, akipanga barua. Akishika bahasha, kabla hajasoma inakwenda wapi, jina peke yake lilikuwa limeshamwambia: huyu ni mutu wa Walungu, huyu wa Kaziba, huyu mama yake alitoka Idjwi, huyu ni Murega wa Shabunda aliyefuata kazi. Mara chache sana alikosea. Zilikuwa zinafika barua za andiko la ovyo, jina tu na neno moja, Bukavu, ao lile jina la zamani la muji ambalo watu wa Ulaya waliendelea kuliandika hata kisha ya serikali kulifuta. Muzungu wa posta alikuwa anaziweka mbele yake na kusema: «Isidore, tafuta mwenyewe.» Na Isidore alimupata.

Jina moja tu hakuliona juu ya bahasha hata siku moja, nalo ni lake.

Marcellin, mwenzake wa kazi, mutu wa Kabare na mwenye mudomo usiopumzika, alikuwa amefanya jambo hilo kuwa chumvi ya kila asubuhi.

«Lushenyi! Leo iko barua yako!»

«Iko wapi?»

«Ah, pole, nimeona vibaya. Mutu wa kukuandikia weye hajazaliwa bado. Ngoja kidogo, mama yake iko na mimba.»

Isidore alicheka pamoja naye. Alikuwa mutu mupole, murefu, mwenye kuinama kidogo kama anayepita mulango mufupi. Umri wake ulikuwa miaka thelathini hivi. Hakuna aliyeujua sawasawa. Aliyoyakumbuka ya utoto yalikuwa machache: kambi ya wachimba zahabu kule Kamituga, mabega ya baba yake, na harufu ya mchanga wenye maji. Mama yake alikufa yeye akiwa hana meno. Baba alikufa kwa homa, mutoto akiwa na miaka mine ao mitano, na wanaume wa kambi wakamubeba mpaka kwa masista. Sista akachukua kalamu akauliza: «Baba yako alikuwa anaitwa nani?» Mutoto akajibu neno alilolisikia kila siku midomoni mwa wale wanaume: Lushenyi. Sista akaandika: Isidore, mutoto wa Lushenyi. Ndivyo lilivyoingia katika kitabu cha misioni, kisha katika buku yake ya serikali, ile ambayo kila mutu mweusi alipashwa kutembea nayo.

Jina halikumusumbua mpaka siku alipomuona Emérence.

Emérence alikuwa binti ya Muzee Grégoire wa Kadutu. Alishona nguo kwa masista, kwa mashine ya kukanyaga, na alikuwa na mikono ya haraka na ulimi wa haraka zaidi. Muzee Grégoire mwenyewe alitunza bustani ya muzungu kule Nguba, kando ya ziwa, lakini moyo wake haukukaa Nguba wala Kadutu. Ulikaa Kabare, kilimani, kwa ngombe zake alizomuachia ndugu yake azichunge. Kila siku ya Mungu, watu wakitoka misa, ndugu huyo alimutumia kibuyu cha mashanza, yale maziwa ya kuganda, na mugeni wa maana aliyefika kwa Grégoire hakupewa kitu kingine kwanza.

Isidore alipoenda kusema neno lake, akapewa kibuyu. Akanywa kidogo. Uso wake ukajikunja, wote, mpaka masikio.

«Eh!» Grégoire akasema. «Miaka yangu yote sijaona mutu anakunywa maziwa kama anakunywa dawa ya kinini.»

«Ni muzuri, Papa.»

«Usidanganye mbele ya maziwa. Weka chini. Sasa sikiliza, mutoto wangu. Miye sina neno na weye. Uko na kazi, uko na adabu, haulewi. Lakini binti haolewi na kazi. Anaolewa na watu. Watu wako ni nani?»

«Ni akina Lushenyi, Papa.»

«Lushenyi wa wapi?»

«Wa Kamituga.»

«Kamituga ni kambi! Watu wanaenda ku kambi, hawatoke ku kambi. Baba yako alitoka wapi mbele ya kuchimba? Mulima gani? Muto gani? Nimeuliza kwetu kote, hakuna mutu anajua hilo jina. Wenzako wa posta wanasema weye mwenyewe, mwenye kujua majina ya dunia yote, haulijue.»

Na ilikuwa kweli.

«Mambo yangu ni mawili,» Grégoire akaendelea, na sauti yake haikuwa ya ukali. «Ya kwanza ni damu. Kama babu yako na babu yangu walitoka ku tumbo moja, na miye nikakupa mutoto, ni nani atabeba hiyo laana? Ni wajukuu wangu. Ya pili ni mulango. Siku Emérence atalia, ao weye utakufa, nitaenda kugonga kwa nani? Nitagonga posta?»

«Hapana, Papa.»

«Basi, tafuta watu wako. Siku ya Mungu ya tatu kisha ya Pasaka ninawangojea hapa, na ndugu yangu atashuka kutoka Kabare. Yeye iko na kijana wake kule anamutaka juu ya Emérence, sikufiche. Ukikuja na watu, tutasema. Ukikuja peke yako, usikuje.»

Pasaka ilikuwa imebaki juma saba.

Marcellin aliposikia, hakuona shida.

«Ndugu yangu, kwani weye ni wa kwanza? Huku Kadutu wazee wa kuazima wamejaa. Unamupa koti, unamupa kasiksi anakunywa, anakuwa baba mudogo wako mpaka jioni. Miye mwenyewe nitavaa kofia nikuwe mujomba.»

«Muzee Grégoire anakujua, Marcellin.»

«Nitavaa miwani.»

Isidore alicheka, lakini njiani akajikuta anawaza ni muzee gani anayefaa. Siku ile jioni alimusindikiza Emérence kutoka kwa masista, wakipandisha polepole kuelekea Kadutu, na akamwambia neno la Marcellin kama mchezo, apate kumusikia atasema nini.

Emérence akasimama.

«Isidore. Watu wa kuazima nitawajua, na Papa atawajua mbele yangu. Mutu wa kuazima anaangalia chakula. Hamwangalie bwana arusi.»

«Na kama sina watu kabisa?»

«Mutu hatoke mu jiwe.» Akaanza tena kutembea. «Weye unatafutia watu wote barua zao. Jitafutie na weye.»

Neno hilo ndilo lililomupa akili. Kesho yake, kazi ilipokwisha, Isidore akakaa na karatasi akaandika barua kumi, zote sawa, kwa makatekista wa mahali kumi alipojua misa inasomwa na watu wanajaa: Kabare, Walungu, Kaziba, Nyangezi, Luvungi, Sange, Uvira, Mwenga, Shabunda na Idjwi. Aliomba zisomwe kisha ya misa, watu wakiwa bado wamesimama nje. Ziliandikwa hivi:

«Kwa Wakristu wote. Miye Isidore Lushenyi, karani ku posta ya Bukavu, ninatafuta watu wa jina langu. Kama Lushenyi iko pale kwenu, mwanaume ao mwanamuke, mukubwa ao mudogo, aniandikie na aniambie baba yake alitoka wapi. Ninyi ni ndugu zangu. Ninawaomba mukuje Kadutu siku ya Mungu ya tatu kisha ya Pasaka musimame na miye, juu ninataka kuoa na sina mutu.»

Aliposoma tena lile neno la mwisho alitaka kulifuta. Akaliacha.

Juma mbili zikapita bure. Katekista wa Walungu alijibu kwamba amesoma mara mbili, watu wakaangaliana tu. Kabare, hapana. Idjwi, hapana. Shabunda kimya. Kisha, asubuhi moja ya mvua, Marcellin aliyekuwa anafungua gunia la barua za njia ya Uvira akaacha kuongea katikati ya neno. Isidore akageuka amuone ana nini. Marcellin alikuwa ameshika bahasha kwa mikono miwili.

«Lushenyi,» akasema, na safari hii hakucheka. «Hii ni yako. Haki ya Mungu. Na yule aliyekuandikia, jina lake ni lako.»

Ilitoka Nyangezi, kwa Gaston Lushenyi, fundi wa kujenga. Mistari mitatu: yuko muzima, baba yake alikuwa Mushi wa pale pale, atakuja. Isidore aliisoma amesimama, akaiweka mufukoni, akaitoa akaisoma tena. Siku ile alipanga barua za Kaziba katika kisanduku cha Uvira, na muzungu wa posta, ambaye hakuzoea kumugombeza, akamuangalia tu.

Kisha zikafuata nyingine. Luvungi, moja. Sange, mbili. Uvira, moja. Moja ikatoka Mwenga, kwa mama anayeitwa Séraphine Lushenyi, muke wa mwalimu. Isidore akachukua karatasi kuukuu ya kazi, nyuma ambako hakukuandikwa, akachora ziwa, akachora muto Ruzizi unaoshuka, akaweka alama mahali kila barua ilipotoka. Akakaa akiangalia. Jambo lilimushangaza. Kazi yake ilikuwa imemufundisha kwamba jina la ukoo linakaa kilimani pake kama shamba la migomba: pale penye mulima ni wengi, unashuka bondeni wamekwisha. Lake halikukaa hivyo. Mutu mumoja hapa, wawili pale, na wote, isipokuwa yule mama wa Mwenga, wamejipanga juu ya njia moja, ile inayotoka Bukavu, inapita Nyangezi, inashuka materemko ya Ngomo na kuendelea katika tambarare ya Ruzizi mpaka Uvira. Halafu wale baba zao: huyu Mushi, yule Mufuliru, yule Murundi, yule Muvira. Ni ukoo gani huo?

Barua ya pili ya Sange ilikuwa imeandikwa na mwalimu wa shule kwa niaba ya mama muzee. «Mutoto,» ilisema, «mbele ya kuita watu, kuja kwangu kwanza. Colette Lushenyi.»

Lakini watu alikuwa amekwisha kuwaita.

Akaomba ruhusa ya siku tatu na karatasi ya njia, akapanda kamio ya mizigo iliyokuwa inashuka tupu kwenda kuleta pamba. Kwenye materemko ya Ngomo alifumba macho, kwa sababu kamio ilikuwa inapita pembeni ya shimo, na dereva akamwambia kwa furaha: «Fungua, fungua, karani! Ukifumba ni sawasawa tu!» Alifika Sange jua likiwa kali, vumbi mpaka kwenye nyusi, na mutu wa kwanza aliyemuuliza akamuonyesha nyumba.

Mama Colette alikuwa anachambua muchele juu ya ungo. Alikuwa na miaka sitini na zaidi, mufupi, mweusi sana, na jicho moja lilikuwa na ukungu. Alimuangalia Isidore tangu viatu mpaka kichwani.

«Urefu ni wa baba yako,» akasema. «Kaa.»

Isidore hakukaa, alianguka juu ya mukeka.

«Ulimujua baba yangu, Koko?» akauliza, akimuita kama nyanya yake.

«Nilimuona siku tatu. Kunywa maji kwanza.»

Akanywa maji. Na Mama Colette, mikono yake ikiendelea kuchambua muchele, akamwambia.

Zamani, barabara ikiwa haijachimbwa, mizigo yote kati ya Uvira na ziwa la juu ilipita vichwani mwa watu. Wanaume walibeba, na wake zao wengine walifuata nyuma na chungu na watoto. Pale Ngomo inapoanza kupanda palikuwa na nyumba moja, na ndani yake aliishi mwanamuke anayeitwa Lushenyi. Bwana yake alikuwa amemufukuza sababu hakuzaa. Akakaa pale njiani, mahali ambapo hapakuwa pa mutu. Na kwa kuwa ule mupando uliwashika akina mama wenye mimba kubwa, wengi hawakufika juu. Wakaanguka mulangoni pake. Yeye ambaye hakuzaa akajifunza kuzalisha, na mikono yake ikawa mizuri.

«Hakuchukua kitu,» Mama Colette akasema. «Hakuchukua kuku, hakuchukua chumvi. Aliomba kitu kimoja. Aliwaambia: ‹Mutoto huyu mumupe jina langu. Miye sitatembea tena. Yeye atalitembeza.› Wengine waliahidi, kisha wakafika mbali wakasahau. Wengine hawakusahau. Miye ni wa kwanza. Mama yangu alifia pale, Lushenyi akanilea, nikakuwa wa kumuchotea maji.»

Isidore akauliza polepole, maana alikuwa amekwisha kuona neno linakokwenda:

«Basi jina si la baba yangu.»

«Ni lako. Baba yako alikuwa mubeba mizigo. Mama yako alishikwa na uchungu siku tatu. Kapita wa wabeba mizigo akamufokea baba yako aendelee na wenzake. Akatua muzigo chini, akakaa nje ya mulango, akaimba. Siku tatu, wimbo moja! Kwa luga tusiyoijua. Tulichoka naye. Mama Lushenyi akatoka akamwambia: ‹Weye baba, imba ingine ao nyamaza.› Akajibu: ‹Mama, ninajua hii moja tu.›»

Mama Colette akacheka, jicho lile zima likajaa maji.

«Jina lake, Koko? Ukoo wake?»

«Jina alilisema siku ya kwanza. Nimelisahau, mutoto wangu. Nilikuwa na maji ya kuchota, na yule hakuwa wa kwanza ku mulango wetu. Ukoo sikuuliza. Lakini neno moja sikusahau. Siku ya kuondoka alikubeba yeye mwenyewe, mbele ya wanaume wote, na wale wakamucheka. Akawaambia: ‹Tangu leo musiniite tena jina langu. Muniite Baba Lushenyi.›»

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Wanaume wa kambi walimuita baba kwa jina la mutoto wake wa kwanza, kama desturi ya watu wote, na kwa kuharakisha wakakata neno wakabakisha Lushenyi peke yake. Na mutoto, alipoulizwa na sista, alilitoa jina lake mwenyewe akidhani ni la baba. Miaka saba alikuwa anangojea juu ya bahasha ukoo ambao haukuwako.

Kuku wakaja wakaokota muchele ulioanguka.

«Basi sina watu,» akasema. «Na hawa nimewaita. Watakuja kusimama na miye kama ndugu, na si ndugu zangu.»

«Ukoo siwezi kukupa,» Mama Colette akasema. «Lakini usizuie watu. Sisi watu wa Lushenyi, tangu tumezaliwa, hakuna mutu alituita pamoja hata siku moja.»

Aliporudi Bukavu, Marcellin alimupa shauri jepesi.

«Nyamaza. Watu saba wa jina moja, mbele ya Grégoire! Ataogopa. Nani atamuambia? Weye hukuongopa kitu, jina ni moja kweli.»

Na Isidore, aseme asiseme, aliwaza hivyo hivyo siku nyingi. Alikutana na Emérence mara mbili na mara mbili hakumwambia. Mara ya pili Emérence alimuuliza: «Umewapata?» Akajibu: «Nimewapata.» Emérence akafurahi sana hata akamushika mukono mbele ya watu, na Isidore akalala vibaya.

Siku ya Mungu ya tatu ikafika. Wakaja, wote. Gaston wa Nyangezi, mikono imepasuka kwa chokaa, na mutungi wa kasiksi, ile pombe ya ndizi. Wale wa Luvungi na Uvira na muchele. Mama Colette alibebwa kwenye kiti cha mbele cha kamio, karibu na dereva, pamoja na mwenzake wa Sange aliyekaa nyuma juu ya magunia. Mama Séraphine alitoka Mwenga siku mbili kabla, na mafuta ya ngazi, ndiyo mawese, katika chupa nne. Hawakujuana. Walisalimiana uani kwa Grégoire huku kila mumoja anashangaa kumuita mwenzake jina lake mwenyewe, na kicheko kikawashika.

Grégoire alivaa koti. Ndugu yake wa Kabare, mutu mukavu na fimbo yake, alikaa pembeni akihesabu wageni kwa macho. Emérence na wanawake walikuwa jikoni, lakini mulango wa jiko ulikuwa wazi.

«Vizuri,» Grégoire akasema, na ilionekana wazi kwamba amefurahi. «Watu ninawaona. Sasa mukubwa wenu aseme babu zenu, kama ilivyo desturi. Mulitoka mulima gani?»

Wale wageni wakaangaliana. Gaston, mutu wa moyo muzuri, aliona uso wa Isidore, akahurumia, akasimama akasafisha koo.

«Sisi, Muzee, babu yetu Lushenyi…»

«Papa Gaston, aksanti. Kaa,» Isidore akasema.

Akasimama yeye.

«Papa Grégoire, hawa si ukoo wangu. Hatuna babu moja.» Akasema yote: nyumba ya Ngomo, mwanamuke asiyezaa, mizigo, wimbo wa siku tatu aliousikia Mama Colette, sista na kalamu. Alisema vibaya, akirudia maneno, bila kuangalia upande wa jiko. «Uliniambia nitafute watu wangu. Hawa njo nilipata. Ukoo wa baba yangu sijaupata na sizani nitaupata. Nilipashwa kukuambia mbele wasitembee bure. Nilikuwa na woga.»

Ndugu ya Grégoire akapiga fimbo chini.

«Grégoire, umeona? Uliomba jamaa, amekuletea soko! Mufuliru, Murundi, Muvira, iko tu kuku hatujaona. Tuondoke.»

Grégoire hakuondoka. Alikuwa anamuangalia Mama Colette.

«Mama, ile wimbo yenye baba yake aliimba. Unaikumbuka?»

«Siku tatu, Papa! Hata nikifa nitaikumbuka.»

Akaimba, kwa sauti iliyopasuka, maneno ambayo yeye mwenyewe hakuyaelewa. Alipofika mahali alipozoea kukwama, sauti nyingine ikamushika: Mama Séraphine wa Mwenga alikuwa ameweka chupa chini, na akaendelea mpaka mwisho.

«Hii ni ya kwetu,» akasema, akijipangusa. «Mama yangu aliniimbia. Wazee wa kule Mwenga wanabembelezea watoto na hii. Huyu baba alikuwa Murega kama miye, hakuna mutu mwingine anaweza kuijua.»

Grégoire akageuka kwa Isidore polepole.

«Murega,» akasema. «Murega! Watu wa pori, hawachunge ngombe! Na miye, mutu muzima, nilimuona anakunja uso mbele ya mashanza na sikufahamu!»

Mutu wa kwanza kucheka alikuwa ndugu yake wa Kabare, kabla hajakumbuka kwamba amekasirika.

«Basi damu yetu haijakutana,» Grégoire akasema. «Jambo la kwanza limekwisha. La pili ni mulango. Mutoto wangu akilia, nigonge wapi?»

«Nyangezi,» Gaston akajibu mara moja. «Nyumba ya matofali, karibu na misioni. Nilijenga mwenyewe, mulango ni wa muti mugumu. Gonga kwa nguvu, bibi yangu hasikie vizuri.»

«Luvungi,» mwingine akasema.

«Miye niko Sange,» akasema Mama Colette, «na miye sifunge mulango.»

«Mwenga, kwa mwalimu…»

«Ngojeeni, ngojeeni!» Grégoire akainua mikono. «Niliomba mulango moja.»

Ndugu yake hakushindwa upesi. «Na hawa wote, Grégoire, kesho watakwenda makwao. Unajuaje kama hawakukuja kula?»

Ndipo Emérence akatoka jikoni, na sahani mukononi, jambo ambalo binti anayeposwa hapashwi kufanya.

«Baba mudogo, polepole kidogo. Chakula kimefika tangu zamani. Angalia huyu Koko. Anaangalia nini?»

Watu wakageuka. Sahani ilikuwa mbele ya Mama Colette, muchele unatoa moshi, na yeye hakuwa ameigusa. Na jicho lake lile zima lilikuwa juu ya Isidore, kama mutu anayengoja mutoto avuke muto.

Grégoire akachukua kibuyu, akamupa Isidore kwa mikono miwili. Isidore akakipokea, akafumba macho kama kwenye materemko ya Ngomo, akanywa yote mpaka chini. Uso ulijikunja mpaka masikio. Lakini alikunywa yote.

Walifunga ndoa kisha ya mavuno. Padri alifungua kitabu kikubwa, akaandika ya Emérence, kisha akafika kwa bwana arusi.

«Jina la baba?»

Marcellin, aliyekuwa shahidi na ambaye mwishowe alivaa ile miwani, akakohoa. Isidore angeweza kusema halijulikani. Ndivyo wengine walivyoandikwa.

«Baba Lushenyi,» akasema.

«Hilo si jina, Isidore. Ni kusema tu kwamba yeye ni baba yako.»

«Njo vile, padri. Lile lingine aliliacha njiani, mwenyewe, kwa ajili yangu. Andika hivyo hivyo.»

Padri akamuangalia kitambo. Kisha akachovya kalamu, akaandika.